Fedha Zilizofika Baada ya Moto: Uchambuzi wa Kisa cha Ruzuku ya Kuhifadhi Mitapo nchini Uganda

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu kikundi kimoja cha kijamii nchini Uganda kilichopata ruzuku yake ya kwanza kutoka nje ili kuhifadhi mitapo, mimea inayofanana na minazi mifupi lakini huzaa koni badala ya maua, inayoota kwenye kilima kilicho jirani na vijiji vyao. Nilikuwa mshauri wao wa bajeti na ripoti, kwa hiyo baadhi ya makosa yatakayochambuliwa hapa ni yangu. Nimeondoa majina ya watu, ya wilaya, ya kilima na ya mfadhili. Miaka nimeitaja kwa mpangilio tu, na viwango vya fedha nimevizungusha kidogo bila kubadilisha uwiano wake. Jina la spishi nalo nimeliacha, na hilo si kwa ajili ya kuwasitiri watu peke yake: mtapo ukijulikana mahali ulipo, huchimbwa.

Neno mtapo ni la pwani. Kikundi chenyewe kina watu wa lugha nne, kumbukumbu za mikutano yao huandikwa kwa Kiswahili kwa sababu hiyo, na neno hilo lililetwa na mwanachama mmoja, fundi wa ujenzi, aliyewahi kufanya kazi Mombasa. Kabla yake kila mtu aliuita kwa jina la kwao, na wengine waliuita mnazi wa mawe.

Mmea na mahali pake

Uganda ina spishi kadhaa za mitapo ya jenasi Encephalartos. Encephalartos whitelockii huota kwenye korongo la mto Mpanga, magharibi mwa nchi. Encephalartos equatorialis huota karibu na Ziwa Victoria. Encephalartos macrostrobilus na Encephalartos septentrionalis ni za kaskazini. Mbili za kwanza zimeorodheshwa katika daraja la spishi zilizo karibu kabisa kutoweka. Jenasi nzima imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, maana yake biashara ya kimataifa ya mimea iliyong'olewa porini imepigwa marufuku, lakini soko la bustani za watu wenye fedha halijawahi kukosa wauzaji.

Kuna mambo manne ya kibiolojia ambayo mtu anayeandika bajeti ya mtapo lazima ayajue, na ambayo sisi tuliyajua nusunusu. Mtapo una mti dume na mti jike, na huwezi kutofautisha mpaka utoe koni, yaani kichwa kikubwa cha magamba kinachobeba chavua au mbegu. Hautoi koni kila mwaka. Mti jike unaweza kukaa miaka kadhaa bila kuzaa. Chavua haibebwi na upepo tu bali na fukusi wadogo wanaoishi kwenye koni, kwa hiyo miti iliyobaki michache na kutawanyika inaweza kutoa mbegu nyingi nzuri kwa macho ambazo hazina kiini. Na hata mbegu iliyochavushwa vizuri huanguka kiini chake kikiwa hakijakomaa, ikahitaji miezi kama sita ya kupumzika kivulini kabla ya kuota. Mbegu hizo hazivumilii kukaushwa na kuwekwa kwenye benki ya mbegu kama mahindi au mtama, hivyo akiba ya kweli ya mtapo ni mtapo hai, na mtapo hai hugharimiwa kila mwezi bila mwisho.

Kilima chenyewe kiko kwenye ardhi ya kimila, upande mmoja ukipakana na hifadhi ya msitu. Vitisho vilikuwa vitatu. Nyasi zilichomwa kila kiangazi, na ingawa shina la mtapo mkubwa hustahimili moto na kuchipua tena, mche mdogo hauponi. Upande wa mashariki watu walikuwa wakivunja mawe na kuuza kokoto za barabara. Na usiku mmoja mmoja, watu wasiojulikana walikuja na sururu.

Fedha za viumbe wasiopendeza macho

Anayetafuta fedha kwa ajili ya sokwe au tembo huanza mahali tofauti na anayetafuta kwa ajili ya mtapo, chura au uyoga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliopitia zaidi ya miradi 14,000 ya uhifadhi ya takriban robo karne, ulionyesha kwamba karibu asilimia 83 ya fedha zilikwenda kwa wanyama wenye uti wa mgongo, mimea ikapata asilimia 6.6, na kuvu pamoja na mwani chini ya asilimia 0.2. Vyura wamo ndani ya hiyo asilimia 83, lakini sehemu yao ni ndogo na imekuwa ikipungua, wakati tathmini ya dunia ya mwaka 2023 inasema spishi mbili kati ya kila tano za amfibia ziko hatarini.

Milango haijafungwa yote. Mfuko wa Mohamed bin Zayed hutoa ruzuku zisizozidi dola 25,000 kwa spishi moja moja, na hupokea maombi ya mimea na kuvu sawa na ya wanyama. Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, yaani Mfuko wa Mazingira Duniani, ambayo kwa muda mrefu imesimamiwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, huwapa vikundi vya kijamii ruzuku moja kwa moja. Fondation Franklinia ya Uswisi hujihusisha na miti iliyo hatarini. Ninaitaja mifuko hii ili msomaji ajue uwanja ulivyo. Mfadhili wa kisa hiki hatajwi, na asidhaniwe kuwa mmoja wao.

Maombi matatu

Kikundi kilikuwa na wanachama 23, wafuga nyuki na akina mama wa chama cha kuweka na kukopa, wakiongozwa na mwalimu mstaafu ambaye kila mtu, hata mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aliyemzidi umri, alimwita Mwalimu. Ombi la kwanza walilipeleka kwa mfadhili wa wanyamapori na likarudi baada ya wiki mbili: hawafadhili mimea. La pili lilikwama kwenye karatasi. Kikundi kilisajiliwa wilayani kama kikundi cha kijamii, hakikuwa na hesabu zilizokaguliwa, na mfadhili alitaka hesabu za miaka miwili.

Hapo palikuwa na njia mbili. Wangeweza kujisajili kama shirika kamili lisilo la kiserikali, kazi ambayo ingekula mwaka mzima na ada ya mkaguzi, au watafute shirika mlezi la kupokea fedha kwa niaba yao. Walichagua mlezi mjini Kampala, kwa ada ya asilimia 10. Niliunga mkono uamuzi huo na bado ninaona ulikuwa sahihi kwa wakati ule, kwa sababu kiangazi kilikuwa kinakuja na mitapo haikuwa ikisubiri usajili. Tulichokosa ni kuandika kwenye makubaliano na mlezi ndani ya siku ngapi fedha zikifika zitoke.

Ombi la tatu lilikuwa la dola 22,000 kwa miezi 12. Kichwa chake kiliahidi kupanda miche 1,000 ya mtapo kilimani. Namba hiyo haikutokana na hesabu yoyote ya koni wala ya mbegu; ilitokana na mazoea, kwa kuwa sote tulikuwa tumesoma maombi ya miradi ya miti na tukajua wafadhili hupenda namba ya mviringo. Tulilituma mwezi Machi. Mwezi Julai jibu likaja: wamekubali, kwa dola 13,000.

Jinsi bajeti ilivyokatwa

Uamuzi muhimu kuliko yote ya kisa hiki ulifanyika mchana mmoja, chini ya mwembe, kwa kalamu na karatasi ya nyuma ya kalenda. Bajeti ya awali ilikuwa na dola 2,400 za mratibu, 2,880 za walinzi wanne, 1,800 za barabara za kuzuia moto, 3,600 za kitalu, 2,600 za sensa ya mitapo na mafunzo, 2,500 za usafiri, 1,900 za kufuatilia miche baada ya kupandwa, 1,200 za shule, 920 za vibao, na 2,200 za mlezi. Sasa tulipaswa kuondoa dola 9,000.

Kitalu hakikuguswa hata senti, kwa sababu miche 1,000 ilikuwa kwenye kichwa cha mradi. Barabara za moto nazo hazikuguswa. Walinzi walipunguzwa kutoka wanne hadi wawili. Sensa, usafiri, shule na vibao vilipunguzwa. Fungu la mratibu likafutwa lote, Mwalimu akisema atajitolea, na fungu la ufuatiliaji likafutwa lote, kwa hoja kwamba tutalitafutia fedha nyingine baadaye. Mama mmoja wa chama cha akiba aliuliza kama ahadi ya miche nayo itapunguzwa kwa kuwa fedha zimepunguzwa. Nilimjibu kwamba tukirudi na ahadi ndogo mfadhili anaweza kubadili nia. Sikuwa na ushahidi wowote wa hilo. Nilikuwa ninaogopa tu.

Nitaongeza kisa kidogo cha lugha, kwa sababu kilileta gharama. Katika rasimu niliandika «posho ya walinzi». Kwa Kiswahili cha vitabu posho ni fedha za kujikimu, lakini Uganda posho ni unga wa mahindi, na mweka hazina, mtu makini kabisa, aliponunua magunia mawili ya unga mwezi wa kwanza alikuwa akitekeleza bajeti kama ilivyosomeka. Walinzi walikula vizuri na kukosa ada ya shule. Tulirekebisha neno mwezi uliofuata.

Moto ulipita, fedha zikiwa njiani

Kaskazini mwa ikweta kiangazi kirefu huanza mwezi wa Desemba. Barabara ya moto, yaani ukanda uliofyekwa nyasi ili moto usivuke, lazima ilimwe mwezi wa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kabla nyasi hazijakauka kabisa. Ratiba yetu ilisema hivyo. Mkataba ulisainiwa mwishoni mwa Agosti. Awamu ya kwanza, nusu ya ruzuku, iliondoka kwa mfadhili mwezi Oktoba. Benki ya mlezi ikauliza maswali kuhusu chanzo cha fedha, mlezi akajibu, mfadhili akatakiwa kuthibitisha kwa barua, mtu wa kuandika barua alikuwa likizo. Fedha ziliingia kwenye akaunti ya kikundi tarehe 9 Januari.

Moto ulipita usiku wa kuamkia tarehe 28 Desemba. Haukuwa mkubwa kuliko ya miaka mingine. Uliunguza robo tatu ya kilima, na mitapo mikubwa karibu yote ilichipua tena mvua zilipokuja. Lakini mwezi Oktoba wanachama walikuwa wamefanya sensa kwa kujitolea na kukuta miche ya asili 64. Walipokwea kilima tena mwezi Februari walihesabu saba. Miche hiyo 57 haikuonekana kwenye jedwali lolote la mradi, kwa sababu jedwali lilihesabu miche ya kitaluni tu, na kwa maoni yangu ndiyo hasara kubwa kuliko zote za mwaka ule: mche ulioota wenyewe kwenye mawe una thamani kuliko mitano ya mfukoni.

Barabara ya moto sasa haikuwa na kazi mpaka kiangazi kingine, ambacho kingekuja baada ya mradi kwisha mwezi Septemba. Mwalimu alipendekeza jambo ambalo halikuwamo kwenye ombi. Sehemu ya moto huanzishwa na warina asali wanaotumia mienge, na wanachama wake wafuga nyuki ndio watu pekee kijijini wanaouchukia moto kwa sababu ya mifuko yao. Basi mizinga iwekwe chini ya kilima, mstari mzima wa upande wa magharibi, ili kila sehemu ya kilima iwe na mtu mwenye sababu yake mwenyewe ya kuamka usiku. Tuliandika kwa mfadhili tukiomba mambo mawili: kuhamisha dola 1,100 kutoka fungu la moto kwenda kununua mizinga 40, kila mmoja kwa shilingi zipatazo 100,000, na kuongezewa muda mpaka mwisho wa Desemba bila fedha za ziada. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, kwa mistari mitatu: ndiyo, na ndiyo, na mtujulishe matokeo. Tulikuwa tumekaa wiki tatu tukijadiliana kama kuandika barua ile ni utovu wa adabu.

Koni tatu

Kibali cha kukusanya mbegu kilichukua muda kuliko tulivyopanga. Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale ndiyo inayosimamia mambo ya CITES nchini, na hata pale ambapo mbegu hazitoki nje ya wilaya, mmea wa daraja hili hauchukuliwi porini bila idhini. Bajeti haikuwa na shilingi moja ya safari za kufuatilia kibali. Mwalimu alizilipa mwenyewe.

Mwaka ule mitapo jike mitatu tu ilitoa koni. Moja ilivunjwa na nyani kabla haijakomaa. Mbili zilizobaki zilitoa mbegu zipatazo 300. Mtaalamu wa mimea aliyekuja kutusaidia, mwenye uzoefu wa bustani, alituonyesha kuzitia kwenye ndoo ya maji baada ya kuziondoa nyama yake nyekundu, tukivaa glavu kwa kuwa ina sumu: zinazoelea hutupwa, zinazozama huwekwa. Zilizama 190. Zikapumzishwa kivulini mpaka Septemba, zikapandwa kwenye mchanga, na kufikia mwisho wa Desemba, muda wa nyongeza ulipokwisha, zilikuwa zimeota 118 na miche hai ilikuwa 96. Hakuna hata mmoja uliokuwa tayari kupandwa kilimani. Mche wa mtapo unahitaji miaka miwili au zaidi kitaluni ndipo uweze kukabiliana na jua la mawe.

Kwa hiyo tulikuwa tumeahidi kupanda 1,000 na tumepanda sifuri.

Ripoti

Katika mkutano wa kuandaa ripoti ya mwisho mwanachama mmoja alitoa ushauri ambao ninaamini umetolewa katika mikutano mingi isiyoandikwa. Jirani alikuwa na kitalu cha miti ya grevilea na misizi. Miche 900 ingenunuliwa kwa bei ya chini, ikapandwa pembezoni mwa kilima, na ripoti, ikijumlisha na ile 96 ya kitaluni, ikasema miche kama 1,000 imepandwa, jambo ambalo lingekuwa kweli kwa neno moja moja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akifikiria awamu ya mwisho, asilimia 10, dola 1,300, ambayo ingelipwa ripoti ikikubaliwa, na ambayo sehemu yake tayari ilikuwa imetumika: mishahara ya walinzi ya miezi miwili na gharama nyingine zilikopwa kwenye sanduku la akina mama, shilingi 1,500,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi.

Mwalimu alikataa, na sababu aliyotoa haikuwa ya maadili peke yake. Alisema kwamba grevilea kwenye kilima cha mitapo zitaleta kivuli na majani makavu, yaani moto, na mtu yeyote anayeujua mtapo akiona picha atajua. Ripoti iliandikwa kama mambo yalivyokuwa, pamoja na sehemu ya kurasa mbili kuhusu koni, mbegu zinazoelea na miezi sita ya kupumzika, na jedwali la miche 57 iliyoungua ambayo haikuwamo kwenye malengo.

Mfadhili aliuliza maswali mara mbili na kuchelewesha awamu ya mwisho kwa miezi minne, kisha akailipa yote. Riba ya miezi hiyo, shilingi 300,000, haikukubalika kama gharama ya mradi, wanachama waliibeba. Vivyo hivyo kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa kwa simu, ambayo ilikatwa kila mwezi kwenye malipo ya walinzi na ambayo hakuna aliyeikumbuka tulipokuwa chini ya mwembe.

Miezi 14 bila fedha

Kati ya mwisho wa ruzuku ya kwanza na mwanzo wa ya pili ilipita miezi 14. Walinzi wawili waliacha kazi mwezi wa pili. Mwalimu, aliyefanya kazi ya mwaka na zaidi bila malipo, alichukua kazi ya muda katika mradi wa lishe wilaya ya jirani, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Ufunguo wa kitalu ukawa unazunguka kwa akina mama kwa zamu ya kumwagilia, na kati ya miche 96 ilibaki 71.

Usiku mmoja wa mwezi wa tano, mitapo tisa mikubwa ilichimbwa. Vijana wa kuchunga mbuzi waliyakuta mashimo asubuhi. Kikundi kilikuwa kimekataa ombi la mfadhili la kutoa ramani ya kilima, na picha zote zilitumwa zikiwa zimeondolewa alama za mahali, tahadhari ambayo ningeirudia leo bila kusita. Lakini waliokuja usiku ule walijua njia, na walikuja baada ya walinzi kuondoka. Siri ya mahali huwazuia wageni tu. Majirani hawana haja ya ramani.

Kiangazi kilichofuata moto ulikuja tena. Wenye mizinga walikuwa wamelima ukanda wao bila kulipwa, na upande wa magharibi moto ulisimama kwenye mstari wa mizinga. Upande wa mashariki, kwa wavunja mawe, ambako hakuna mizinga, ulipanda hadi juu.

Hali ilivyo sasa

Ruzuku ya pili ilitoka kwa mfadhili mwingine, dola 8,000 kwa miaka miwili. Safari hii mstari wa kwanza wa bajeti ni malipo ya mratibu, na Mwalimu amerudi. Ahadi ya miche ya kupanda haipo. Kinachohesabiwa ni mitapo mikubwa iliyo hai na miche ya asili iliyoonekana, mara mbili kwa mwaka, kwa njia ileile ya sensa iliyofanywa na wanachama. Wanachama wamekubaliana pia kuweka fungu la kumi la mauzo ya asali kwenye sanduku la moto. Mavuno ya kwanza yaliuzwa kwa shilingi 340,000, kwa hiyo sanduku lilipata 34,000, kiasi cha kununulia mapanga machache na mafuta ya taa.

Uchambuzi

Kosa la msingi halikuwa mfadhili kupunguza fedha. Ruzuku kupunguzwa ni jambo la kawaida, na dola 13,000 zilitosha kufanya kazi ya maana kwenye kilima kile. Kosa lilikuwa kwamba fedha zilipopunguzwa kwa zaidi ya theluthi moja tulipunguza watu na kuacha ahadi ikiwa nzima. Tuliondoa mratibu na ufuatiliaji, mafungu mawili ambayo hayapigwi picha, tukahifadhi kitalu kwa sababu kina namba. Yule mama aliyeuliza swali chini ya mwembe alikuwa ameliona hilo kabla ya mtu yeyote mwenye shahada. Barua ya aya moja ya mwezi Julai, ikisema kwamba kwa fedha hizi tutalinda kilima kizima na kuotesha mbegu zitakazopatikana, ingetuepusha na karibu kila kitu kilichofuata. Na tukilinganisha na barua ya mizinga iliyojibiwa kwa siku tisa, kuna sababu ya kuamini ingekubaliwa.

Kosa la pili ni la kalenda. Mradi ulipangwa kwa kalenda ya mfadhili, wakati mambo mawili yaliyouongoza, moto na koni, yana kalenda zake. Moto unajulikana mwezi wake, kwa hiyo ungeweza kupangiwa: kama kazi ya Novemba ni muhimu, basi fedha yake isitegemee awamu inayotarajiwa Oktoba. Ingekuwa busara kuomba awamu ya kwanza ndogo na ya mapema, au kukopa kwa sanduku mwezi Novemba badala ya kukopa Desemba ya mwaka uliofuata kwa ajili ya kusubiri ripoti. Koni hazijulikani mwezi wala mwaka, na kitu kisichojulikana hakiwekewi namba. Kinawekewa utaratibu, yaani mwaka wa koni tutafanya hivi, na mwaka usio na koni fedha hiyo itakwenda kwenye ulinzi. Hili si la mitapo peke yake. Mtu anayeomba fedha kwa ajili ya vyura wa mabwawa ya milimani anategemea mvua ya kwanza, na anayetafiti uyoga anaweza kupita msitu mzima miezi kumi bila kuona hata mmoja, ingawa kuvu wenyewe wako ardhini muda wote.

Kuhusu mizinga, ninashawishika kwamba ilisaidia, lakini ushahidi ni wa kiangazi kimoja. Upande wa magharibi una mawe mengi zaidi na nyasi fupi zaidi, na upepo wa usiku ule ulitoka mashariki. Ninachoweza kusema bila shaka ni kwamba ukanda wa magharibi ulilimwa bila malipo katika mwaka ambao hapakuwa na mradi, na ule wa mashariki, uliokuwa ukilimwa kwa malipo, haukulimwa. Wavunja mawe hawakualikwa kwenye mkutano hata mmoja wa mwaka wa kwanza. Tuliwaweka kwenye ombi kama tishio, na mtu aliyeandikwa kama tishio hapewi mzinga.

Ripoti ya kweli ilitugharimu miezi minne na riba. Haikutuletea ruzuku ya pili moja kwa moja, kwa kuwa ilitoka kwa mwingine. Hata hivyo mfadhili wa pili aliiomba ripoti ile, akaisoma, na maswali yake yote yalihusu zile kurasa mbili za mbegu. Kama zingekuwapo grevilea 900 sijui tungejibu nini.

Linalobaki bila jibu ni lile pengo. Asali haitaliziba kwa miaka mingi, na hakuna mfadhili wa ruzuku ndogo ninayemjua anayelipia miezi ambayo hafadhili. Kikundi kimeanza kutenga sehemu ya ada ya usimamizi, baada ya kujadiliana na mlezi akubali asilimia 7 badala ya 10, na asilimia 3 iliyookolewa inakaa kwenye akaunti tofauti kwa ajili ya mlinzi mmoja wa miezi ya ukame wa fedha. Kwa ruzuku ya dola 8,000 hizo ni dola 240, malipo ya mlinzi huyo mmoja kwa miezi minne.

Awamu ya mwaka huu imefika mwezi Septemba. Wavunja mawe watatu wamechukua mizinga, na ukanda wa mashariki umepangiwa kulimwa wiki ya kwanza ya Novemba.